Mama Amefunika Uso Pichani

Moshi, 4 Machi 1912

Kwa mdogo wangu mpendwa Tabea,

Salamu nyingi sana kutoka kwangu. Mimi ni mzima, isipokuwa jino moja la nyuma linaloniuma nikinywa maji ya baridi. Ninyi huko hamjambo? Kifua cha mama kimepona? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Mwambie mama kwamba mwanawe anakula vizuri, hata kama hatasadiki.

Sasa kaa chini nikupe habari. Mchezo wangu wa mfereji umekuwa mkubwa huku. Wanafunzi wote wa shule yetu ya misheni wanaucheza kila jioni, upande huu wa mfereji na upande ule, wakipiga mpira wa magome ya mgomba kwa viganja usije ukaanguka majini. Mwezi uliopita walikuja Wadachi wa reli kutazama, na mmoja akavua viatu akacheza, akatumbukia hadi kiunoni. Tulicheka mpaka tukasahau kwamba ni mkubwa.

Bwana Mwalimu, Mdachi mwenye shule, amependezwa mno. Anataka kuandika habari za mchezo huu katika gazeti la kwao Ujerumani, huko Ulaya, na anataka picha. Si ya mchezo tu, bali ya nyumba yetu, na nyingine ya kuonyesha nilivyokuwa mtoto nilipouvumbua. Nilimwambia utoto wangu umekwisha kitambo, atapigaje picha yake? Akasema tafuteni mtoto anayefanana nawe, asimame pale pale kwenye mfereji wetu. Kuna Mgoa mmoja mpiga picha anayepita huko kwenda boma la Arusha, naye atafika nyumbani mwezi wa tano.

Jambo moja ninakuonya. Simel asiwemo katika picha hizo. Asisogee hata kivuli chake.

La pili ni lako. Mjomba Sakaya amenitumia neno kwa kinywa cha muuza ngozi kwamba kuna mtu ameleta asali nyumbani kwa ajili yako, na mama ameipokea. Jina la mtu huyo, muuza ngozi hakulijua, au amelisahau njiani. Wewe unajua kwamba tangu baba afariki mimi ndiye ninayesimama mahali pake, na bila neno langu hakuna posa. Basi niambie ni nani.

Kaka yako akupendaye,
Efraimu

Nyumbani, juu ya Moshono, 2 Aprili 1912

Shikamoo kaka,

Amani ya Bwana iwe nawe na jino lako. Sisi ni wazima. Mama kifua kimepona na sauti imerudi yote, tena imerudi na nyongeza. Ng'ombe mwekundu amezaa jike, tumempa jina lako la utotoni kwa sababu hanyamazi. Shangazi Nashilu anakusalimu na anauliza kama huko Moshi kuna mtu wa kukunyoa, au umeacha nywele ziote kama za Wadachi.

Tumefurahi sana kusikia habari za mchezo. Nilimsomea mama barua yako yote. Uliposema "nilipouvumbua" alitazama juu kidogo, kisha akaendelea kumenya ndizi.

Kaka, kuhusu Simel, mbona unaandika kama mtu aliyeibiwa ng'ombe? Ni mwaka wa tatu sasa hamsalimiani. Watu wa Moshono wanaona ajabu, maana wanawakumbuka mkiwa wadogo, wewe Mmeru na yeye Mwarusha, mkitumwa kulinda zamu ya maji ya nyumba zenu, na badala ya kulinda mnapigiana mpira juu ya mfereji huku maji yakienda kwa jirani. Mlichapwa pamoja, kila mmoja na mama yake.

Kuhusu asali, mimi binti wa watu nitalitajaje jina la mtu huyo mwenyewe? Desturi unaijua. Wakubwa ndio watakaokuambia ukija. Ninachoweza kusema ni kwamba si mzee, si mlevi, na yuko katika darasa la ubatizo. Na mimi sikulazimishwa.

Lakini nikuulize. Je, mtu akiwa mwema, na nyumba nzima ikamkubali, wewe ungemkataa kwa sababu ya jambo dogo?

Mdogo wako,
Tabea

Moshi, 20 Aprili 1912

Kwa mdogo wangu Tabea,

Salamu. Hali yangu ni njema, jino bado lipo. Nimefurahi kwa ndama, ingawa hilo jina mngempa mwingine.

Jambo dogo? Ngoja nikukumbushe, maana naona umesahau kusudi. Nilipokuja likizo ya kwanza nilileta chaki na kibao ili mchezo uwe na hesabu, kama michezo ya watu wenye akili. Mpira ukianguka majini, upande ule mwingine uandikiwe alama, na mwenye alama nyingi ashinde. Simel akasema mbele ya watu wote kwamba kwao watu hawahesabiwi, na kwamba kuhesabu nani ameshinda mara ngapi ni kualika balaa. Nikamwambia aache ushamba. Akachukua panga akaukata mpira vipande viwili, kipande kimoja akanipa mimi. Mpira niliousuka mwenyewe! Huyo ndiye unayetaka nimwamkie?

Yeye siku zote alishikilia ile sheria yake ya zamani, kwamba aliyeangusha mpira majini avuke mfereji akajiunge na wenzake wa ng'ambo, mpaka upande mmoja ubaki mtupu. Ni mchezo gani huo ambao mwishoni wote wako upande mmoja na hakuna aliyeshindwa? Huku tunahesabu. Ni kweli kwamba wavulana wamepigana mara kadhaa kwa ajili ya alama, na juzi mmoja ameng'olewa jino, ila huo ni utundu wao.

Mgoa anakuja. Vaeni nguo safi. Mama akae katikati. Na huyo mtu wa asali, ukishindwa kutaja jina lake, taja ng'ombe wake wana rangi gani nitamjua.

Kaka yako,
Efraimu

Nyumbani, 30 Mei 1912

Shikamoo kaka,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umeshiba. Sisi tunaendelea vizuri, isipokuwa tumechoka kwa kucheka. Mgoa amekuja na amekwenda.

Alifika na punda wawili na sanduku lenye miguu mitatu. Kabla hajashuka akauliza kama tuna ngozi za kuvaa, kwa sababu Wadachi wanapenda kuona ngozi. Mama akasema, "Mwambie ngozi zangu ninazilalia. Akitaka kuzipiga picha aingie chumbani akazitafute." Mgoa akatazama jinsi mama alivyokunja mikono, akasema nguo za kitambaa pia ni nzuri. Kisha akajifunika kitambaa cheusi yeye na sanduku lake, na shangazi Nashilu akauliza kwa sauti, "Huyu naye anamwonea nani haya?"

Tulianza na ile picha ya utoto wako. Watoto wote wa mlimani walikuja, kila mmoja anataka kuwa Efraimu. Mama akawatazama wote usoni, akamchagua Naipanoi, binti wa shangazi. Nikasema, "Mama, huyu ni msichana." Akasema, "Ndiye mwenye masikio ya mwanangu, na kichwa amenyolewa juzi, nani atajua?" Kwa hiyo, kaka, huko Ulaya wewe utakuwa Naipanoi. Alisimama vizuri sana, kifua mbele, kama wewe ukitaka kusifiwa.

Hapo Mgoa akauliza, na wa upande wa pili yuko wapi? Nikasema kaka ameagiza awe peke yake. Mama akaniambia, "Basi alikuwa anampigia nani mpira? Mgomba?" Tukajaribu kumsimamisha Naipanoi peke yake na mpira mkononi, akaonekana kama mtoto aliyetumwa dukani. Ikabidi mtoto wa jirani asimame ng'ambo. Lakini wote wawili hawakujua viganja vinashikwaje, wala mguu upi unatangulia, na mimi nilikuwa nimesahau. Shangazi akapaza sauti kwenda bondeni, na Simel akaja kuwaonyesha. Usikasirike. Alikuja, akawaonyesha, akasogea pembeni kwenye migomba, na katika ile picha ya kwanza hayumo.

Ya pili ndiyo iliyoharibika. Tulikuwa tumekwisha kujipanga, mama katikati kama ulivyosema. Mgoa akamwona Simel kule pembeni, akasema, "Wewe mrefu, njoo huku, simama nyuma ya mama." Simel akakataa kwa kichwa. Mgoa akadhani anaona aibu ya sanduku, akamfuata, akamshika mkono, akamleta mpaka nyuma ya kiti, akakimbia kurudi kwenye kitambaa chake. Simel akatazama juu, na mama akavuta shuka lake akajifunika uso wote. Wakati huo huo Mgoa akafungua jicho la sanduku, akasema tusitikisike. Hatukutikisika. Alikuwa amebakiza vioo viwili tu vya kupigia picha, na vyote viwili vimekwisha.

Ukiulizwa kwa nini mama amejifunika, sema ulikuwa upepo.

Mdogo wako,
Tabea

Moshi, 11 Julai 1912

Tabea,

Nimezipokea picha. Nyumba nzima naisalimu, mama kwanza.

Ya utoto imetoka vizuri. Bwana Mwalimu ameitazama sana, akasema hata nilipokuwa mtoto nilikuwa na uso wa mvumbuzi. Mwambie Naipanoi.

Kwa ile ya pili, aliponiuliza kama mama yangu ni mgonjwa wa macho, nilimjibu kwamba ulikuwa upepo, kama ulivyonifundisha. Aliridhika. Mimi pia niliridhika mpaka Jumapili baada ya ibada, nilipoitoa tena nikaenda nayo mlangoni penye mwanga. Migomba iliyo nyuma yenu inaonekana jani kwa jani, hata ile mipasuko. Hakuna jani lililotikisika. Ni upepo gani huo, Tabea, uliomwona mama peke yake?

Tena huyo Simel anatazama mbinguni kama mtu anayetafuta mzinga wa nyuki. Na wewe, mdogo wangu, umeinamisha kichwa, wewe ambaye hata mbele ya mchungaji huinamishi.

Mimi si mtoto. Mwanamke wa kwetu hamfunikii uso mwanamume yeyote ila mmoja tu, naye ni mkwe anayemwoa binti yake. Mama hakukosea. Ni mimi niliyekuwa mjinga, nikiuliza rangi ya ng'ombe. Kwa hiyo asali ni ya Simel! Simel huyo huyo mwenye panga! Na nyumba nzima ilijua, hata shangazi aliyemwita kutoka bondeni, hata ndama bila shaka.

Jibu langu ni hapana. Mwambie mjomba Sakaya.

Kaka yako,
Efraimu

Nyumbani, 1 Agosti 1912

Shikamoo kaka,

U hali gani? Sisi ni wazima wa mwili. Barua yako imefika na hasira zako zote, hakuna iliyodondoka njiani.

Ni kweli, ni Simel. Sikukudanganya kwa ubaya. Nilikuwa nangoja mjomba Sakaya akuambie kwa utaratibu, yeye naye alikuwa anangoja hasira yako ipoe, na hasira yako tunaijua, haipoi upesi. Kuhusu upepo nisamehe. Sikuyafikiria majani.

Sasa nisikilize. Simel alikuja kwanza kwa ajili ya maji. Mwaka juzi mfereji ulipobomoka kwa mvua na sisi hatukuwa na mwanamume nyumbani, alipanda kutoka Moshono na rika lake wakautengeneza, akaondoka bila kuomba hata kibuyu cha maziwa. Akarudi kuukagua. Akarudi tena. Mfereji ukawa mzima kuliko mifereji yote ya mlimani, naye bado anarudi kuukagua. Nikamwuliza, "Unatafuta nini humu majini?" Akacheka. Hivyo ndivyo ilivyoanza.

Nampenda, kaka. Nimeandika, sasa imeandikwa. Anaujua ukali wangu na hauogopi. Wewe anakuulizia kila mara barua inapofika, ila hanitazami anapouliza.

Mjomba Sakaya anasema bila neno lako asali itarudishwa maharage yakivunwa. Ikirudi kwa Simel, mimi sitapokea asali ya mtu mwingine, na sisemi hivyo kwa kukutisha. Nitakaa hapa na mama na ndama wako. Sitakuchukia, lakini sitakuwa na furaha, na ninataka ujue hivyo.

Kama bado ni hapana, iandike mara ya pili ukiwa umeshiba na jino limetulia. Ya kwanza sijampelekea mjomba.

Mdogo wako,
Tabea

Nyumbani, 9 Septemba 1912

Shikamoo kaka,

Habari za huko? Sisi hatujambo. Kila tarishi anayepanda namwuliza, mpaka sasa akiniona kwa mbali anatikisa kichwa. Maharage yameanza kukauka. Mama ananiambia niache kuyatazama, hayatapungua kasi kwa kutazamwa.

Andika lolote.

Tabea

Moshi, 18 Septemba 1912

Kwa mdogo wangu mpendwa Tabea,

Salamu nyingi, na pole kwa kungoja. Jino limeng'olewa. Lilitoka na sehemu ya taya, au ndivyo nilivyosikia mimi, na kwa siku nyingi sikuweza kusema wala kuandika wala kukasirika. Sasa naendelea vizuri, nakula uji na ndizi za kupondwa.

Mara tu baada ya barua yako ya mwezi wa nane, Bwana Mwalimu aliniletea karatasi nyeupe akasema, "Efraimu, picha ziko tayari, sasa niandikie maisha yako ya utoto na jinsi ulivyouvumbua mchezo, kwa maneno yako." Nikakaa mezani. Nikaandika, "Nilipokuwa mdogo nilitumwa kulinda maji, nikawa ninapiga mpira kwenda ng'ambo." Kwenda kwa nani? Nikafuta. Nikaandika jinsi mpira wa kwanza ulivyolowa ukawa mzito, hata tukajifunza kuufunga kwa nyuzi za ndani za mgomba. Nani alizijua nyuzi hizo? Si mimi. Nikafuta. Nikaandika siku tuliyochapwa. Hapo nilicheka peke yangu, taya likauma. Kila nilipoanza, yule mtu alikuwa amekwisha kufika kabla yangu na viganja viko tayari. Mama alisema kweli, singeweza kuucheza na mgomba.

Usidhani nakiri kwamba panga lilikuwa halali. Mpira ule ulikuwa mzuri.

Kisha wavulana wakapigana tena kwa ajili ya alama, safari hii shule nzima, na Bwana Mwalimu akasema mchezo utapigwa marufuku. Nikaomba siku moja tu. Nikafuta kibao mbele yao, nikawaambia tutacheza kama tulivyocheza sisi Moshono. Aliyeangusha avuke. Waliguna. Wakacheza. Wakawa wanavuka mmoja mmoja, wanaovuka wanapokelewa kwa kelele, mpaka ng'ambo akabaki kijana mmoja tu anapiga mpira dhidi ya shule nzima, na shule nzima inamshangilia. Alipoangusha akavuka mwenyewe, wakambeba. Bwana Mwalimu alikuwa anapiga makofi. Aliniuliza hiyo sheria nzuri ni ya nani, na nilitaka kusema ni yangu, Tabea, ulimi ulikuwa umeshainuka. Nikamtajia Simel. Baada ya hapo nilijisikia mwepesi, nikala bakuli mbili za uji.

Basi nikarudi kwenye karatasi, na safari hii ikajaa upande wote wa mbele na wa nyuma. Ilibaki kuandika maneno ya chini ya picha ya pili, kwa sababu gazeti linataka kila mtu ajulikane ni nani. Kwa mama niliandika, "Mama amejifunika kwa heshima ya mkwewe." Bwana Mwalimu akauliza yupi ndiye mkwe. Nikamwonyesha yule mrefu anayetazama juu. Na chini yake nimeandika hivi: "Simel wa Moshono, aliyevumbua mchezo huu pamoja na shemeji yake Efraimu."

Kilichoandikwa ni shemeji. Bwana Mwalimu ameweka muhuri, bahasha imepanda gari la moshi kwenda Tanga, na sasa hivi iko baharini. Siwezi kuirudisha hata nikitaka. Mwambie mjomba Sakaya aiache asali mahali ilipo, na fungeni ndoa upesi kabla gazeti halijafika, msije mkanifanya mwongo mbele ya Wadachi wote.

Kaka yako, na shemeji yake,
Efraimu